Chungu Kilichonipeleka Butimba

Kiseke, Mwanza
11 Juni 1995

Mwanangu Wilhelmina,

Nimekuficha jambo moja kwa miaka ishirini na saba. Nalitanguliza hapa juu, kabla hata ya salamu, kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitaishia humo humo. Nitakuuliza habari za mvua na za watoto, karatasi itajaa, na nitaifunga bahasha nikiwa sijasema kitu. Jambo lenyewe linakuhusu wewe. Lilitokea mwaka ule wa 1968, ulipokuwa unaishi kwangu katika nyumba ya mwalimu mkuu. Nataka ulisikie kutoka kwangu kabla sijafa.

Sasa salamu. Sisi hapa tu wazima kwa kadiri yetu. Mdogo wako Masele anaondoka alfajiri kwenda kiwanda cha minofu na kurudi ananuka sangara mpaka kwenye nywele. Kazi ipo siku ambayo ndege ya kubeba minofu ipo. Siku nyingine anakaa barazani akitazama juu. Mkewe Paskazia ndiye anayenilisha, kuniogesha na kunigeuza. Miguu yangu imekataa kabisa tangu Pasaka. Kitanda wamekisogeza dirishani, na dirisha wamelitia nondo baada ya wezi kumtembelea jirani, kwa hiyo uwanja nauona vipande vipande. Daktari amenikataza chumvi, mafuta na nyama. Asubuhi nakunywa uji, mchana uji, na Jumapili, kwa heshima ya siku, uji wenye maziwa.

Juzi Nurdin dereva alipita kuniletea salamu zako. Akasema umefungua kibanda cha chakula hapo gatini Busisi, na madereva wanaosubiri pantoni la kuvukia Kigongo wanakula kwako maharage yenye soseji na sukuma wiki. Nikamwuliza, "Anayapikaje?" Akanijibu, "Mzee, mimi ni mlaji, siyo mkaguzi." Nilicheka mpaka Paskazia akaja mbio kutazama kama nimepaliwa.

Lakini Nurdin alipoondoka kicheko kiliisha. Nililiona lile jiko letu la mafiga matatu. Niliuona utumbo mwembamba ukielea kwenye maji ya chumvi, na soseji zikining'inia juu kwenye moshi, zile ambazo watoto wa shule waliziita nyoka wa moshi. Na nilikuona wewe, binti wa miaka kumi na minne, Masele mchanga akiwa amelala mgongoni kwako, unakoroga maharage huku unaimba majedwali ya hesabu.

Nilikusudia kuliandika leo. Nitaliandika katika barua ijayo.

Msalimie mumeo Ndalahwa, na watoto wote, hasa Precious.

Baba yako mdogo,
Venant Luhende


Busisi
2 Julai 1995

Shikamoo Baba Mdogo,

Barua yako ilikaa siku tisa ndani ya lori la Nurdin, pantoni lilikuwa bovu. Imenifikia inanuka dizeli, lakini mwandiko ni ule ule wa ubaoni, herufi zimepanga mstari kama watoto wa darasa la kwanza. Nimefurahi. Pole sana kwa miguu. Mwambie wifi Paskazia kwamba namshukuru, na kwamba uji wa Jumapili auongezee karanga zilizosagwa, daktari haji Jumapili.

Sisi hatujambo. Ndalahwa tangu apunguzwe kazi kule kwenye kiwanda cha pamba yuko machimboni Geita. Anatuma salamu. Kingine chochote hajakituma bado. Watoto wadogo wanakua. Precious ananizidi urefu sasa, na Septemba anafanya mtihani wa darasa la saba.

Ningekuja kukuona. Kutoka hapa hadi Kiseke ni safari ya asubuhi moja, nalijua hilo, usidhani silijui. Lakini maharage yanalowekwa jioni, yanapandishwa motoni kabla hapajakucha, na pantoni la kwanza likigonga tu gati, watu wamekwishashika sahani. Nikifunga siku moja, mwenzangu wa kibanda cha pili anawachukua na hawarudi. Miaka miwili sasa sijavuka maji. Nayatazama tu.

Sasa hilo unalonificha. Baba Mdogo, nalijua! Ni viungo vya soseji. Ulikuwa unanituma mtoni kila ulipotaka kuvichanganya. Nikirudi na ndoo nakuta nyama imeshabadilika rangi na karatasi ya viungo imeshachomwa motoni. Kuosha utumbo nilikuwa naosha mimi, kuupindua kwa ule mwanzi mimi, kushindilia nyama kwa shingo ya chupa mimi, kufunga nyuzi mimi. Viungo, wewe peke yako! Mpaka leo natumia soseji za dukani. Nikizichemsha zinavimba kama vidole vilivyobanwa na mlango, zikiingia kwenye maharage zinapasuka na kuwa unga. Juzi dereva mmoja kaniambia mbele ya watu, "Mama Precious, soseji yako hii imesafiri peke yake, ng'ombe kabaki nyumbani." Kibanda kizima kikacheka. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Kwa hiyo niandikie. Nakusamehe kwa miaka yote ishirini na saba, mradi unipe vipimo.

Jambo moja zaidi, na usinikasirikie, maana najua wewe ni mwalimu. Precious akimaliza mtihani nitamweka jiko la pili. Malori yanaongezeka kila mwezi, mgongo wangu umechoka, na yeye ana mkono mzuri. Hata akichaguliwa sekondari sitampeleka. Mimi sikuchaguliwa na sikufa.

Mwanao,
Mina


Kiseke
30 Julai 1995

Mpendwa mwanangu Mina,

Marahaba. Karanga zimetiwa kwenye uji. Masele ameonja akasema sasa na yeye anataka kuugua.

Tumesikia kampeni za vyama zimefika hadi huku. Kila gari linalopita lina kipaza sauti, na kwa kuwa siwezi kuondoka dirishani nimewasikiliza wote. Kila mmoja ananiahidi barabara. Nitaipeleka wapi barabara?

Chukua kalamu, uandike vipimo. Kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe, robo yake iwe mafuta: chumvi kijiko kimoja cha chakula, mbegu za giligilani kijiko kimoja, uzikaange kwanza bila mafuta mpaka zinukie, kisha uzitwange. Pilipili manga nusu kijiko. Karafuu nne tu, ukizidisha itanuka dawa ya meno. Kungumanga nusu, ulikwangue. Vitunguu saumu vitano. Kikombe kidogo cha maji baridi sana, na ukande mpaka nyama ishike mkono na isitake kuachia. Ukishajaza utumbo, utoboe toboe kwa sindano. Ning'iniza kwenye moshi wa kuni za mpera siku mbili. Siyo mwarobaini, hata kama ndio uliopo.

Ukipika, kaanga soseji kwanza peke yake, uitoe. Katika mafuta yake ndimo uweke vitunguu, halafu nyanya, halafu maharage yaliyokwisha kuiva na supu yake nzito. Soseji irudi mwishoni. Sukuma usiikate kwa kisu, ichane kwa mikono, na ikishalegea epua. Bruda Hubert alinifundisha haya nikiwa kijana jikoni kwa mapadri. Alisema kwao Uholanzi hiki ndicho chakula cha baridi, na kwamba mtu aliyekila hawezi kumnyima mwenzake ombi. Kwao soseji ilikuwa ya nguruwe. Hapa aliibadili kuwa ya ng'ombe ili mgeni yeyote atakayebisha hodi, Mwislamu au Msabato, aweze kukaa mezani. Mama yako mdogo, marehemu Selina, hakuyajua haya. Watu walimsifu yeye, nami niliwaacha.

Sasa umepata viungo. Lakini, Mina, viungo siyo lile jambo. Natamani vingekuwa ndilo.

Nakuomba kitu, na ninakuomba kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima. Precious akichaguliwa, mpeleke. Usimweke jikoni. Kaka yangu Ngosha, baba yako, alipokuwa anakata roho aliuweka mkono wako ndani ya mkono wangu, akasema neno moja tu: "Msomeshe." Sitaki kusema zaidi leo. Paskazia ameingia, anataka kunigeuza.

Baba yako mdogo,
Venant


Busisi
10 Septemba 1995

Shikamoo Baba Mdogo,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la maharage, mkono wangu wa kushoto una harufu ya karafuu na sitaki kuuosha. Zimetoka! Nimetundika soseji ishirini na nne juu ya moshi wa mpera. Precious ameosha utumbo, vidole vyake vyembamba vinaupindua mara moja tu, hata mwanzi hatumii. Siku ya kwanza kuziuza, yule dereva mwenye maneno alikula yote. Akaomba sahani ya pili. Nikamwuliza, "Ng'ombe kafika?" Akasema, "Kafika na familia yake." Nurdin alikataa kuonja mpaka nimwapie kwamba nyama nimenunua kwa Yahaya, anayechinja kwa dini. Sasa anakula na kulamba kijiko, na anasema pantoni likiharibika tena hatalalamika.

Watoto hawajambo. Ndalahwa alikuja siku tatu, akarudi machimboni. Precious amefanya mtihani wiki hii. Anasema ulikuwa mwepesi, jambo linalonitisha.

Ombi lako nimelisoma mara nyingi. Baba Mdogo, unanishangaza. Siku ile ya majibu, Desemba ya sitini na nane, wewe mwenyewe ulibandika orodha kwenye mlango wa ofisi. Niliisoma mara tatu, nikipitisha kidole juu ya kila jina. Msichana hata mmoja hakuwemo. Nililia nyuma ya ghala. Ukaja, ukaniinua, ukasema, "Mina, kichwa kimekosa lakini mikono imefaulu. Chungu kimoja cha maharage mazuri kitakulisha maisha yako yote." Maneno hayo yamenishika mkono mpaka leo. Ndiyo niliyomwambia Precious. Sasa unataka nimwambie kwamba hayakuwa kweli?

Na kusoma kwenyewe nilijaribu tena, labda umesahau. Mwaka 1976, walipokuwa wanawachukua waliomaliza darasa la saba wawe walimu wa vijijini, nilikwenda ofisi ya elimu na cheti changu. Karani akafungua faili, akasoma, akanitazama, akasoma tena. Akaniuliza, "Hiki cheti umekitoa wapi, dada?" Nikasema ni changu. Akasema nirudi na barua ya mwalimu wangu mkuu, vinginevyo ataita askari. Nilikuandikia Butimba, ulikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu wakati huo. Barua haikukufikia, nadhani. Nilingoja hadi mavuno, nikaolewa na Ndalahwa. Sasa nikisimulia kibandani watu wanacheka: Mina karibu afungwe kwa kutaka kuwa mwalimu!

Sikulaumu kwa lolote. Ulinilea. Lakini usinitie shaka uzeeni.

Mwanao,
Mina


Kiseke
29 Oktoba 1995

Wifi Wilhelmina,

Habari za huko. Anayeandika ni mimi, Paskazia. Baba alipata homa kali wiki mbili zilizopita na mkono wake wa kulia umelegea, hawezi kushika kalamu. Leo tumepiga kura, yaani Masele na mimi, na tuliporudi Baba akasema nikae niandike, yeye atasema. Haya, naandika anavyosema.

Anasema barua yako ya Septemba ameipata.

Anasema anafurahi kwamba soseji zimetoka.

Anasema, "Andika kwamba mwaka 1968, mwezi wa kumi na mbili." Nimeandika. Nimemwuliza, "Mwezi wa kumi na mbili kukawaje, Baba?" Ananitazama. Anauliza kama Masele yuko ndani. Yuko. Anasema nifute. Nimemwambia wino haufutiki. Anasema basi nipige mstari.

Anasema maharage yapikwe kwa moto mdogo.

Nimemwambia, "Baba, huyu anapikia watu sitini kwa siku, wewe unamfundisha moto?" Hakucheka. Wifi, machozi yanamtoka, na mimi sijui nimekosea wapi. Anasema, "Mwambie Precious aende shule." Nimemwambia hilo umeshaandika. Anasema niliandike tena.

Precious aende shule.

Amegeukia ukutani. Wifi, kuna nini kati yenu? Usiku hasemi, mchana anauliza tu kama lori la Nurdin limepita. Mimi naishi naye humu ndani, na ni kama ninaishi na mtu aliyefunga mlango.

Akipata nafuu ataandika mwenyewe.

Wako,
Paskazia


Busisi
19 Desemba 1995

Shikamoo Baba Mdogo,

Pole kwa homa. Tunakuombea. Mvua huku imezidi, kuni zimelowa, na macho yangu yanawasha kwa moshi.

Nitasema upesi. Majibu yametoka. Precious amechaguliwa, shule ya bweni ya wasichana. Ni msichana pekee kutoka shule yao. Anatakiwa kuripoti tarehe 15 Januari, na sanduku, na godoro, na jembe.

Mwalimu wake alikuja mpaka hapa kibandani kunipa mkono. Nilimpa sahani ya maharage, akala, akaniambia, "Mama, chakula hiki kinanifanya niogope." Nikamwuliza anaogopa nini. Akasema, "Kwamba hutamwachia."

Hakukosea. Jiko la pili nimeshalijenga, Baba Mdogo. Yeye ndiye aliyebeba udongo. Anaosha utumbo na kufunga nyuzi, lakini soseji za wiki hii amezikaza mno na zimepasuka zote. Nimemwambia maneno yako, kwamba chungu kimoja kizuri kitamlisha maisha yake yote. Akaniuliza, "Babu ndiye aliyesema hivyo?" Nikasema ndiye. Akasema, "Basi."

Hilo "basi" halinitoki masikioni. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu. Kama una sababu ya kunifanya nibomoe jiko, nipe sababu, siyo ombi. Maombi ninayo mengi, madereva wananiomba kila siku.

Krismasi njema.

Mina


Kiseke
31 Desemba 1995

Mwanangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nimeanza juzi, kila Paskazia anapokwenda sokoni naandika mistari michache, akirudi naiweka chini ya godoro. Usitazame mwandiko.

Hatujambo. Masele yupo barazani, anatazama juu. Krismasi Paskazia alipika maharage yako kwa vipimo vile, akanipa kijiko kimoja kwa kumficha daktari. Nilikishika mdomoni muda mrefu, nikashindwa kukimeza.

Nurdin yuko hapa uwanjani, nimemwambia asubiri. Amenivutia lile sanduku la bati kutoka uvunguni. Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi mbili zilizokuwa chini ya vyeti vyangu. Usizifungue mpaka umalize kusoma.

Umeomba sababu.

Julai uliniandikia, "Mimi sikuchaguliwa na sikufa." Mina, ulichaguliwa. Uliwapita wasichana wote wa tarafa yetu. Barua ya shule ililetwa kwangu, mwalimu mkuu, jioni moja kabla ya orodha. Orodha uliyoisoma mara tatu niliinakili mwenyewe chumbani, upya, kwa mwandiko safi, jina lako nikaliacha. Kisha nikaja nyuma ya ghala kukuinua. Maneno yale kuhusu mikono niliyatunga nikiwa njiani kutoka ofisini, hatua zisizofika hamsini. Hayakuwa na ukweli wowote ndani yake, na wewe umeyala miaka ishirini na saba na sasa unamlisha mwanao.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba ilikuwa kwa ajili ya Selina. Alikuwa amejifungua Masele kwa shida, hawezi kusimama, na nyumba ilihitaji mtu. Lakini Selina alipata nafuu kabla ya mvua za Machi, na shangazi yake alikuwa ameshajitolea kuja. Nilimkatalia huyo shangazi. Hakujua kupindua utumbo.

Unamkumbuka mkaguzi wa shule, Bwana Maige. Alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka. Tangu alipoonja chungu chako alianza kuja kila mwezi, na wenzake wawili, na baadaye ofisa wa mkoa. Ulikuwa unawanawisha mikono na kurudi jikoni. Walikula, wakalegeza vifungo vya mashati, wakaniuliza ningependa kufundisha wapi. Bruda alisema kweli, mtu aliyekula chakula kile hawezi kukunyima ombi. Mwaka wa sabini nikaitwa Butimba kuwa mkufunzi. Walimu waliokuwa na vyeti vizuri kuliko vyangu walibaki vijijini. Miaka kumi na minane nimesimama mbele ya walimu wa kesho nikiwafundisha kwamba mtoto asiachwe nyuma, na sauti yangu haikukwama hata siku moja.

Barua yako ya mwaka 1976 ilifika. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaichana. Ningeijibu, karani angeniita nieleze kilichomo kwenye faili. Ndiyo maana alikutazama vile, ndiyo maana alikutishia askari. Madereva wasikicheke tena kisa hicho.

Kalamu inaanguka. Nurdin amepiga honi mara moja, anaogopa kukosa pantoni la jioni.

Tarehe 14 atakuwa hapo gatini na nafasi mbele ya lori, ameniapia. Paskazia atampokea Precious likizo zote, nimemwomba jana, hakuniuliza kwa nini. Wakati huo atakuwa ameshajua, maana leo usiku nitamwambia yeye na Masele pamoja. Sikuombi msamaha. Umenisamehe Julai kwa ajili ya viungo, na huo nilioupata kwa wizi unatosha kunilemea. Nakuomba tu usiniamini. Kila nilichowahi kukuambia kuhusu jiko na mikono yako, kivunje pamoja na lile jiko la pili.

Sasa fungua karatasi. Ya kwanza ni barua yako ya kuchaguliwa, jina lako lipo hapo juu: Wilhelmina Ngosha. Mpe Precious aione.

Ya pili ni nakala ya kaboni. Nafasi za wasichana zilikuwa chache, na Februari ile ya sitini na tisa shule ilileta fomu kuuliza kwa nini hujaripoti. Niliifikiria siku nzima. Ningeandika umeolewa, serikali ingekuja kumkamata aliyekuoa. Ningeandika unaumwa, wangekungojea upone, na wangekungojea kweli. Nilitaka neno ambalo hakuna mtu angeuliza swali juu yake tena. Nikalipata. Jikoni nilikuwa nakusikia unapuliza moto, unamwimbia Masele. Sahihi yangu na muhuri wa shule viko chini, na mbele ya neno Sababu, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni unaousifu, nimeandika: Amefariki.